Wito wa Harambee: Mwanakwaya Wetu Afike Nairobi kwa Kipimo

Wapendwa waumini na marafiki wa kanisa letu hapa Bomet, Bwana asifiwe.

Tunarudi kwenu kwa haya, kwa kuwa haijapita miezi mitatu tangu mlipochangia kwa moyo mkunjufu mabati ya darasa la chekechea. Hata hivyo jambo hili haliwezi kungoja. Mama yetu wa sauti ya kwanza, ambaye wengi wenu mlimwona kwenye chakula cha Pasaka akishika kifua na kushushia tonge la ugali kwa maji, amegunduliwa kuwa na saratani ya umio, yaani mrija unaopeleka chakula tumboni. Daktari aliyempima kwa kamera alinyunyizia umio iodini. Sehemu zenye afya ziligeuka kahawia, likabaki doa moja la manjano hafifu, lisilozidi ukucha wa kidole gumba.

Udogo wa doa hilo unatupa matumaini, lakini kinachoamua tiba zaidi ni kina chake. Ikiwa saratani ingali kwenye utando wa juu, huenda ikaondolewa kwa vifaa vinavyopitishwa ndani ya kamera, na umio ukabaki. Ikiwa imezama chini ya utando huo, hatari ya kufika kwenye tezi za limfu, vinundu vya kinga mwilini, huongezeka, na huenda akahitaji upasuaji mkubwa. CT skani, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa eksirei na kompyuta, ambayo mmeshailipia, haikuona kitu kwenye mapafu wala ini, ila haiwezi kutenganisha matabaka ya ukuta wa umio. Kazi hiyo hufanywa na ultrasaundi, kipimo cha mawimbi ya sauti, iliyo kwenye ncha ya kamera, ingawa nayo hukosea mara nyingine, na jibu la uhakika hutoka maabara baada ya kipande kukatwa.

Ameshakosa miadi miwili ya kipimo hicho cha ultrasaundi huko Nairobi kwa kukosa fedha. Katika kaunti hii tumewazika wengi waliofika hospitali wakati hata mate hayapiti, na kila mara jeneza lilichangwa kwa siku moja. Haitupendezi kuona aliye hai, na aliyewahi kugunduliwa mapema, akingoja wiki saba.

Zinahitajika shilingi 140,000, zimepatikana 46,500. Bahasha zitapokelewa Jumapili baada ya ibada ya pili, mweka hazina atasoma hesabu hadharani, na risiti zitabandikwa ubaoni. Miadi ya tatu ni Jumanne, na gari litaondoka hapa kanisani saa kumi alfajiri.