Barua kwa Kampuni ya Maji: Mnayapima Tangini, Sisi Tunayanywa Mferejini

Kwa Meneja Mkurugenzi,
Kampuni ya Maji na Maji Taka ya mji wetu.

Bwana Mkurugenzi,

MINT: MAJI YASIYO SALAMA KATIKA MTAA WA NYUMA YA SOKO, NA BOMBA LILILOTOBOKA NDANI YA MTARO

Nakuandikia nikiwa mteja wenu wa miaka 19, mwenye mita inayosomwa kila mwezi na bili isiyolala. Hii ni barua yangu ya tatu kuhusu jambo hili moja. Ya kwanza ilipokewa na karani na kupigwa muhuri, basi. Ya pili ilijibiwa kwa ujumbe wa simu ulionieleza mambo mawili: kwamba maji yenu hutiwa dawa na kupimwa kila siku, na kwamba nichemshe maji ya kunywa. Nimejaribu kuyapatanisha maneno hayo mawili nikashindwa, na ndiyo sababu safari hii nimeamua kuandika kwa urefu, na kukuandikia wewe mwenyewe.

Mtaa wetu hupata maji kwa mgao, Jumatatu na Alhamisi usiku. Yanapofunguliwa, mfereji wa uani kwangu hauanzi kwa kutoa maji. Huanza kwa kupiga mluzi, kisha hukohoa hewa kwa dakika kadhaa (mita nayo ikizunguka, lakini hilo la kulipia upepo lina barua yake siku nyingine), kisha hutema tope, na ndipo yafuate maji ya rangi ya chai iliyokosa maziwa, ambayo baada ya robo saa hivi huanza kufanana na maji. Alhamisi iliyopita niliyakinga yale ya mwanzo katika jagi la kioo, nikalifunika kwa kisahani na kuliacha mezani hadi asubuhi. Chini palikuwa na tope jeusi la unene wa kidole, laini kama masizi, lenye vipande vya majani yaliyooza. Juu ya tope hilo maji yalikuwa yametulia, meupe kiasi cha kumdanganya mtoto. Nilipoinua kisahani ilitoka harufu ninayoijua vizuri kwa sababu naipita mara tano kwa siku nikienda msikitini na kurudi. Ilikuwa harufu ya mtaro.

Mtaro ninaousema ni ule unaoshuka kutoka soko la samaki na kupita kati ya duka la nyama na uwanja wa madrasa. Bomba lenu la plastiki linalolisha nyumba zetu linaukata mtaro huo katikati, si juu yake wala chini ya sakafu yake, bali ndani yake hasa, kiasi kwamba takataka za sokoni hunasa hapo na maji machafu hupanda mpaka kulifunika. Mahali hapo bomba limepasuka, na mpasuko umefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mafundi wenu hawawezi kusema hawalijui jambo hili, kwa maana waliofunga ukanda huo ni wao, kabla ya mvua za masika za mwaka jana, wakasema watarudi na kiungio. Usiku wa mgao ukisimama hapo na tochi utaona maji yakichemka ndani ya mtaro kama chemchemi. Wengi wetu tumekuwa tukilitazama jambo hilo kama hasara ya kampuni, maji yanayomwagika bure. Ilinichukua muda kuelewa kwamba yanayotoka si hoja kubwa kuliko yanayoingia.

Nilifundisha sayansi katika shule ya msingi kabla ya kustaafu, na somo hili huonyeshwa darasani kwa mrija wa soda. Toboa mrija kwa sindano, kisha nyonya: kinachokuja mdomoni si soda peke yake, bali na chochote kilicho nje ya tundu. Bomba lililojaa maji yenye nguvu husukuma nje kupitia nyufa zake, na uchafu hauwezi kuingia. Mnapofunga valvu, nyumba za bondeni huendelea kuchota yale yaliyobaki, maji hushuka, bomba hubaki na utupu, na utupu huvuta. Katika mtaa wetu utupu huo unavuta kutoka ndani ya mtaro wa soko la samaki, siku tano kwa wiki, na usiku wa mgao msukumo wa kwanza huzoa kila kilichoingia na kukileta majumbani. Hewa inayokohoa mferejini ndiyo shahidi wa kwanza, kwa kuwa bomba lililoingiza hewa limeingiza na vinginevyo.

Sikutaka kuja kwako na dhana tupu. Mpwa wangu hutunza bwawa la kuogelea katika hoteli moja ya ufuoni, na kazi yake ya kila asubuhi na kila alasiri ni kupima klorini, dawa ya kuua vijidudu majini, kwa vidonge vinavyogeuza maji kuwa ya waridi; kadiri klorini inavyozidi ndivyo waridi inavyokolea, na kadi ya rangi humwonyesha kiasi. Usiku huo wa Alhamisi alikuja na kisanduku chake, tukapima mahali patatu katika muda wa saa moja. Kwenye kioski cha maji kilicho karibu na lango la tangi lenu, rangi ilisoma karibu miligramu 0.5 kwa lita, jambo la kupongezwa. Kwenye mfereji wa duka la nyama, upande wa juu wa mtaro, ilisoma karibu 0.3. Kwenye mfereji wangu, upande wa chini wa mtaro, kidonge kiliyeyuka na maji yakabaki vile vile, bila hata dalili ya waridi. Tulirudia mara mbili, tukidhani kidonge kimeharibika.

Najua kisanduku cha bwawa si maabara, na najua klorini hupungua yenyewe kadiri maji yanavyosafiri. Lakini kati ya duka la nyama na uani kwangu hakuna zaidi ya hatua 100, na klorini haiishi ghafla katika hatua 100 isipokuwa imekutana na uchafu mwingi wa kupambana nao. Shirika la Afya Duniani linataka maji yaliyotiwa klorini yamfikie mtumiaji yakiwa na angalau miligramu 0.2 kwa lita, hasa ili kubaki na akiba ya ulinzi njiani. Sisi akiba hiyo inaliwa na mtaro kabla ya kutufikia. Mpwa wangu alipokuwa akifunga kisanduku chake alisema maji ya wageni kuogelea yanapimwa mara mbili kwa siku, na wakiyameza ni kwa bahati mbaya. Sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo, Bwana Mkurugenzi, siwaambii kwamba mnasema uongo mnaposema maji yenu hupimwa. Naamini hupimwa, na naamini yanapotoka tangini ni mazuri. Ninalosema ni kwamba hakuna mtu katika mji huu anayekunywa tangini. Kipimo cha tangini kinaeleza hali ya maji kabla hayajaingia katika bomba lenu, na malalamiko yangu yote yanahusu yanayotokea baada ya hapo.

Kuhusu ugonjwa nitasema kwa uangalifu. Tangu masika haya, wajukuu wangu wawili wameharisha mara tatu, na nyumba nne zinazofuatana baada ya mtaro zimepeleka watoto zahanati kwa tatizo hilo hilo. Daktari hakusema ni maji, nami sidai kuwa nimethibitisha. Mtoto ana njia nyingi za kupata uchafu. Ila kanuni ya maji ya kunywa ni kwamba bakteria aina ya E. koli, ambayo makao yake ni matumbo ya watu na wanyama, isionekane hata moja katika mililita 100 za maji, na mimi sijaona popote kwamba sampuli ya mtaa huu imewahi kupimwa. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Kenya Oktoba 2022 ulitukuta sote, na hatukuhitaji kufundishwa upya kwamba ugonjwa huo husafiri kwa maji yaliyoguswa na kinyesi. Mtaro wetu, mvua zikizidi, hupokea vyoo vya shimo vya pande zote mbili.

Sasa nirudi kwenye shauri la kuchemsha. Nachemsha, na mke wangu alichemsha kabla hamjatuma ujumbe. Lakini mkaa si bure, na kumchemshia kila mtu wa nyumba ya watu tisa maji ya kunywa ni kulipia maji mara mbili, kwenu na kwa muuza makaa. Tena maji hayaishii kwenye gilasi. Tunasukutua nayo tunapotawadha, tunaosha nayo mboga, tunapiga nayo mswaki, na watoto wa madrasa wakitoka darasani huinama wakanywa mferejini moja kwa moja kama tulivyofanya sisi tulipokuwa watoto. Hakuna mwalimu atakayewachemshia watoto 60 maji. Na maji yale yanapokuja na tope, kuchemsha hakuondoi tope. Mtu hupata tope la moto. Afisa wenu mmoja dirishani alinishauri ninunue chujio, na nilipomuuliza kama kampuni itanikatia bei yake kwenye bili akacheka, nikacheka naye.

Wengine wametuambia turudi visimani. Visima vya mtaa huu, kama vya sehemu nyingi za pwani, vina chumvi inayozidi kila mwaka kwa jinsi bahari inavyoingia chini kadiri watu wanavyochota, na vingi viko hatua chache kutoka kwenye choo. Tulivikimbia visima hivyo kuja kwenu. Anayebaki ni mwenye mkokoteni, anayeuza mtungi wa lita 20 kwa shilingi 30, na hakuna ajuaye ameujaza wapi.

Haki inanitaka niseme pia kwamba lawama si yenu peke yenu. Wapo majirani waliojiunganishia maji usiku kwa mpira wa bustani, na kila kiungo cha wizi ni tundu jingine la kuvutia uchafu. Yupo mwenye nyumba aliyechimba shimo la choo pembeni ya bomba akijua lilipo. Tumelizungumza hili mbele ya mzee wa mtaa, na wawili wamekubali kukata viungo vyao. Lakini mpasuko wa mtaroni haukuletwa na mwizi yeyote. Ni bomba lenu, limepitishwa pabaya na wafanyakazi wenu, na likafungwa kwa tyubu na mafundi wenu.

Ninaomba basi, kwanza kabisa na kabla ya jambo jingine lolote, kipande cha bomba kinachokata mtaro kibadilishwe na kuinuliwa juu ya mtaro ndani ya bomba la chuma, kazi ambayo fundi wenu mwenyewe aliniambia ni ya siku mbili. Mpaka itakapokamilika, naomba kila usiku wa mgao mfungue kwanza valvu ya kusafishia iliyo mwisho wa mstari, karibu na mikoko, yale ya mwanzo yamwagike huko badala ya kumwagika katika mitungi yetu. Valvu ipo, imefunikwa na mchanga, na nitaonyesha mahali pake. Naomba pia madrasa na zahanati ziletewe maji kwa lori kwa muda huo, na malipo ya mitaa iliyo chini ya mtaro yapunguzwe, kwa kuwa kinacholetwa huku si bidhaa inayoandikwa kwenye bili.

Kisha naomba vipimo. Chukueni sampuli kwenye mifereji ya wateja, pande zote mbili za mtaro, katika nusu saa ya kwanza baada ya maji kufunguliwa, wala si adhuhuri ya siku ya pili yakiwa yametulia. Klorini na ukungu wa maji hujulikana papo hapo, E. koli huhitaji takriban siku moja ya maabara. Matokeo yabandikwe ofisini kwenu na kwa mzee wa mtaa, yakiwa mazuri au mabaya.

Maombi yangu hayasimami juu ya hisani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Na kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba rasmi kwa barua hii nakala za vipimo vyote vya maji vilivyofanywa katika mtaa huu kwa miezi 12 iliyopita, pamoja na mahali na saa ya kila sampuli. Sheria hiyo inatoa siku 21 za kujibu, lakini habari ikihusu uhai wa mtu inatoa saa 48, na mimi naliona ombi hili kuwa la aina hiyo ya pili. Nisipopata jibu nitalifikisha suala hili kwa Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, nikiambatisha barua zote tatu na ule ujumbe wa simu.

Jagi bado liko mezani kwangu, limefunikwa. Alhamisi hii maji yakifunguliwa nitakuwa uani na tochi, mpwa wangu akiwa na vidonge vyake. Tumeni fundi na mtu wa maabara waje na chupa zao. Mlango utakuwa wazi, na chai itakuwa tayari, iliyopikwa kwa maji ya mvua.

Wako mwaminifu,

Mwenye mita, nyumba ya pili baada ya mtaro
(Jina, sahihi na nambari ya mita vimo katika nakala iliyowasilishwa ofisini.)

Nakala: Afisa wa Afya ya Umma, Mzee wa Mtaa, Mwalimu Mkuu wa Madrasa.