Risala ya Vijana kwa Mzee wa Nabugoye

Mheshimiwa mgeni rasmi, mzee wetu uliyetoka kwa Wayahudi wa kilima cha Nabugoye, Mbale, Uganda, waheshimiwa marabi, wageni mliovuka bahari kuja kututetea, wazee wetu, akina mama na vijana wenzangu: shalom aleikhem, na hamjambo. Itifaki yote izingatiwe, maana leo ni Ijumaa, Sabato yetu inaingia jua likizama, na jua halimngoji msoma risala.

Mzee, tumeamua kusoma kwa Kiswahili. Luganda hatukijui, nawe Kikuyu hukijui, na hiki ndicho tulichozungumza siku ya kwanza. Ulituambia Kiswahili chako ni cha askari: nusu ulikisikia kwa askari wa Amin ukiwa umejificha, na nusu kwa askari wa Tanzania ukiwa umetoka kuwalaki. Tukacheka. Baadaye, ndani ya basi, tulikaa kimya muda mrefu tukiyafikiria maneno hayo.

Katibu wetu amenikataza kutumia neno "shujaa". Anasema hulipendi. Nitalitumia mara hii moja tu: shujaa wangu ameketi hapa mbele, na kofia yake ameiweka gotini.

Mgeni rasmi, sisi ni watoto wa familia chache za nyanda za juu za Kenya ambazo ziliacha makanisa zikaanza kushika Sabato katika chumba cha mabati. Kilichotuleta kwako mara ya kwanza, tuseme ukweli, kilikuwa hasira. Mwenzetu mmoja alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda ng'ambo kusoma Torati. Katika ofisi moja, jina lake tuliache, aliulizwa huku afisa akitabasamu, "Nani aliwaambia ninyi ni Wayahudi?" Akakosa la kusema. Wiki mbili baadaye karatasi zake zikarudi na mhuri wa kukataliwa.

Basi tukachanga nauli. Matatu hadi Nakuru, basi hadi Malaba, tukauvuka mpaka kwa miguu, tukapitia Tororo hadi Mbale. Tulikuja kutafuta cheti, hata kipande cha barua chenye mhuri, cha kumwonyesha yule afisa.

Barua hukutupa. Ulituketisha chini ya mti ukatusimulia habari za Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitiisha mashariki ya Uganda, kisha wakamvunja moyo. Alipozama katika vitabu vya Musa akakuta agizo la tohara, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Kwenu husimuliwa kwamba aliambiwa hayo ni mambo ya Wayahudi, naye akajibu: kama ni hivyo, basi sisi ni Wayahudi. Mwaka 1922 akawa na kitabu chake cha sala na maagizo kwa Luganda. Mwaka 1928 akafariki, akawaachia watu wake Sabato.

Nilikuwa naandika miaka hiyo kwenye daftari mbiombio. Ukaniambia niweke kalamu chini, ukaanza habari ya redio.

Mzee, niruhusu niwasimulie hawa, kwa sababu wewe hutaisimulia. Amin alipopiga marufuku dini yenu, masinagogi yakafungwa. Wengi walibadili dini, na waliobaki walikadiriwa kuwa watu 300 hivi. Nyumbani kwenu mliendelea kusali, lakini kuimba kulikuwa na hatari, na sala ya kuipokea Sabato bila wimbo ni kama ugali bila mboga. Baba yako alikuwa na redio ya betri nne kubwa. Kila Ijumaa kabla jua halijazama aliiwasha kwa sauti ya juu, akaiacha hapo hapo, maana Sabato ikishaingia redio haiguswi. Ninyi mkaimba chini ya kelele za Redio Uganda. Mpita njia alisikia taarifa ya habari.

Ila betri zilikuwa adimu kama sukari. Kazi yako wewe, mtoto, ilikuwa kuzianika juani juu ya bati kuanzia Jumapili hadi Ijumaa, ukizigeuza kama mtu anayegeuza dagaa, ili zipate nguvu tena. Nyingi zilikata roho usiku wa manane. Kwa hiyo sala za Jumamosi asubuhi mlizisema kwa kunong'ona, na mpaka leo, ulituambia, ukisikia sinagogi zima likiimba Jumamosi asubuhi, kuna sehemu mwilini mwako inayoshtuka.

Kisha ikaja tarehe 11 Aprili 1979. Kampala ilikuwa imeanguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda, na jioni ile ile ilikuwa ya kuingia Pasaka yetu Wayahudi, ya kukumbuka kutoka Misri. Kutoka utumwani, usiku wa kusimulia kutoka utumwani! Angeitunga mtu, tungesema ametia chumvi.

Mgeni rasmi, tangu asubuhi neno "kutambuliwa", yaani kukubaliwa rasmi kuwa Wayahudi, limetajwa hapa hadi limechoka. Hatulidharau. Tunajua marabi walikuja kwenu mwaka 2002, mamia ya watu wenu wakapitishwa rasmi katika dini. Tunajua mwaka 2008 kiongozi wenu Gershom Sizomu alirudi kutoka Marekani akiwa rabi, na mwaka 2016 akaingia bungeni. Watetezi wetu, andikeni barua hizo, gongeni milango hiyo, tunawaunga mkono kwa mikono miwili. Yule mwenzetu bado anataka kusoma. Ila safari hii ameandika maelezo yake mwenyewe, na cheti hakuomba. Ameanza na habari ya redio.

Maombi yetu ni mawili. La kwanza, utukubalie vijana wanne waje Nabugoye wakati wa Sikukuu ya Vibanda, wakae mwezi mmoja, wajifunze kusoma Torati kwa mahadhi yake. Watalala popote, na kulima wanajua. La pili ni la leo: kabla hatujawasha mishumaa ya Sabato, utufundishe Zaburi ya 136 kwa Luganda, ule mwimbo wenu. Tulijaribu kuuiga kutoka kwenye simu, tukaharibu.

Hatuna kikubwa cha kukupa. Huku kwetu ni baridi, hivyo akina mama wamekuwekea blanketi ndani ya kiondo. Chini ya blanketi, mzee, kuna betri nne kubwa, mpya, hazijafunguliwa. Hizo ni zetu vijana.

Tunaomba kuwasilisha.