YAH: Malalamiko kuhusu majibu ya kaswende yaliyotolewa bila kuthibitishwa

Meneja,
Maabara ya Vipimo,
Dodoma.

Ndugu Meneja,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni mkazi wa Nkuhungu, mjamzito wa miezi mitano. Mwezi uliopita nilipima kwenu vipimo vya kliniki. Mhudumu alinikabidhi karatasi dirishani, foleni ikiwa nyuma yangu, akasema: "Dada, una kaswende. Mlete na mumeo mchomwe sindano." Karatasi ilisema VDRL, yaani kipimo cha awali cha kaswende, chanya. Basi.

Angeniuliza, ningemwambia kwamba nilikuwa nimetoka Kilosa kumwuguza mama, nikarudi na malaria. VDRL haimtafuti mdudu wa kaswende mwenyewe. Inatafuta kingamwili ambazo mwili huweza kuzitoa hata kwa malaria, na hata kwa ujauzito. Ndiyo maana majibu chanya huthibitishwa kwa kipimo kingine kama TPHA, kinachotafuta kingamwili za mdudu wa kaswende hasa. Haya nimeelezwa na daktari wa kwingine, wakati damu yangu mliichukua ninyi.

Usiku ule mume wangu aliisoma karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kabati, akaenda kulala sebuleni. Siku tisa hakuniita Mama Nuru. Aliniita "wewe". Mimi nililala macho nikisikiliza kama mtoto anacheza tumboni, maana najua kaswende isiyotibiwa huweza kumuua mtoto kabla hajazaliwa.

Hospitali walipima TPHA: hasi. Ya mume wangu nayo hasi. Tafadhali msinijibu kwamba sindano ndiyo iliyoniponya, kwa sababu TPHA kwa kawaida hubaki chanya miaka mingi hata baada ya tiba.

Sisemi mwache kupima VDRL. Yuko mama ambaye kipimo hicho kitamwokolea mwanawe. Kuchomwa sindano mapema pia silalamikii. Nalalamikia neno "una", lililosemwa mbele za watu wakati hakuna aliyekuwa na hakika.

Naomba majibu yangu yasahihishwe kwa maandishi, yawe na mhuri na sahihi yenu. Mume wangu ameelewa, ila mama mkwe bado. Naomba pia kila mwenye majibu chanya aelezwe chumbani, mlango umefungwa, kwamba bado yanahitaji kuthibitishwa.

Nimeambatisha nakala za majibu yote. Nasubiri barua yenu ndani ya siku 14.

Wenu,
Mama Nuru