Nundu ya behewa lako

Rafiki yangu Mbaraka,

Salamu za siku nyingi. Picha ya behewa la mafuta uliloliunda kwa makopo imefika, na magurudumu yake yamenipendeza kweli. Ila ile nundu ya juu, mbona umeikata? Waniambia eti ni pambo tu. Si pambo, bwana.

Kisima cha mafuta cha Edwin Drake kilipotoa mafuta kule Titusville, Pennsylvania, Marekani, mwaka 1859, mzigo ulisafiri katika mapipa ya mbao, yakivuja njia nzima. Mwaka 1865 ndugu wawili, James na Amos Densmore, walisimamisha matangi mawili ya mbao juu ya behewa la wazi, moja kila mwisho, juu ya magurudumu. Mbao zilibanwa kwa pete za chuma, na kila tangi lilimeza mapipa 40 na ushei. Hataza, yaani haki ya uvumbuzi, wakaipata Aprili 1866. (James huyohuyo baadaye alitia fedha zake kwenye taipureta iliyobuniwa na Sholes!)

Wewe fundi utaiona kasoro mara moja: uzito wote uko juu, na mbao, uzibane utakavyo, hazikosi kuvuja. Haikupita miaka mingi tangi likalazwa, likawa la chuma, kwa ufundi uleule wa boila za mvuke. Bamba linakunjwa duara, kingo zinapishana, zinapigwa ribiti, ile misumari ya kuunganishia mabamba, kisha mshono unakalafatiwa kwa patasi na nyundo usivuje, kama wa jahazi, ila bila pamba. Kulehemu bado. Fremu ilibaki ya mbao, kwa hiyo tangi lilifungwa mikanda ya chuma na kuzuiwa kwa magogo huku na huku, lisiteleze treni ikisimama ghafla.

Sasa nundu. Mafuta yakipata joto hutanuka. Ukijaza pomoni asubuhi ya baridi, adhuhuri yatatafuta pa kutokea. Ukiacha nafasi ndani ya tangi lenyewe, yatasukasuka humo safari nzima. Basi enzi zile tangi lilijazwa lote, na nafasi ya kutanukia ikaachwa ndani ya nundu. Juu yake ndiko kulikokuwa na mlango wa kujazia, na humo ndimo ulimopita mtaimbo wa kufungulia vali ya chini, ya kutolea mafuta.

Tafuta lile kopo dogo la nyanya, uliunge katikati ya mgongo. Ribiti, tumia vichwa vya pini. Halafu nitumie picha nyingine, na unisalimie shemeji.

Wako,
Saidi