Kizimkazi si pomboo tu jamani

Mhariri, assalam aleikum.

Naomba kanafasi nitoe dukuduku langu. Juzi tulikua na wageni wa harusi kutoka bara, tukakodi gari kuwapeleka Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kutazama pomboo, nikamwambia dereva pale Dimbani simama kwanza tuone msikiti, akanijibu "pale hamna kitu bibie, msikiti wa bati tu, mtachelewa pomboo".

Simlaumu sana, maana kwa nje kweli hauna makuu, paa la bati, ukipita na gari unadhani wa juzijuzi tu. Ila vua viatu uingie, nenda mpaka kwenye mihrabu, pale anaposimama imamu. Pale kuna maandishi ya Kikufi, zile herufi za kona kona ambazo hata sie tuliohitimu chuo unaziangalia unadhani ni urembo wa majani, kumbe mmetajwa mpaka aliyeamuru ujengwe, Sheikh Abu Imran, na mwaka wenyewe, 500 Hijria, yaani 1107! Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, anakuja kutia mguu Kilwa 1331 haya maandishi yana miaka mia mbili na ushee.

Na yamechongwa kwenye tumbawe la baharini, ambalo likitolewa bichi ni laini, likishakauka ndo linakua gumu, kwahiyo fundi alikua anakimbizana na jiwe, akizubaa limemgomea. Mimi nikikata sabuni ya kufulia tu naipindisha.

Tusidanganyane lakini, sio kila jiwe pale ni la 1107, karne ya 18 ulijengwa upya na kuta nyingi ni za wakati huo. Ila unasaliwa mpaka leo. Msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani wenye sifa zote zile ni magofu, huu tulikuta mzee anatia udhu anasubiri adhuhuri.

Sasa ombi langu kwa wanaotembeza wageni, dakika ishirini tu za kusimama pale zinawashinda nini? Na watoto wetu wa skuli wapelekwe waoneshwe ule mwaka, sio kuukariri ubaoni.

Mgeni wetu mmoja ni mwalimu wa historia, alikaa pale kwenye mihrabu anafuata herufi moja moja kwa macho mpaka boti ikatuacha. Pomboo hatukuwaona, na yeye hata hakuwauliza.

Msomaji wako, Unguja