Pembetatu kwanza, boneti baadaye

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo moja kuhusu magari yanayoharibika njiani. Dereva akishasimama, mkono wake wa kwanza huenda kwenye boneti. Pembetatu ya kuakisi mwanga, ikitolewa kabisa, huwekwa hatua saba nyuma ya gari, na hapo ni pambo tu.

Tupige hesabu. Gari likienda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho hutumia sekunde nzima au zaidi kuona na kuhamishia mguu kwenye breki, na gari dogo kwenye lami kavu husimama baada ya mita 50 na ushee. Lori lenye mzigo, au lami yenye maji, ongeza. Pembetatu ya mita 5 humwambia mtu kile ambacho bampa lake limeshakijua. Mita 50 ndicho kiwango cha chini; kwenye barabara ya mwendo mkali weka 100, yaani hatua kama 130 za mtu mzima. Ukikwama baada ya kona au kilima, achana na mita: ipeleke hadi kabla ya kona. Tembea nje ya lami, umeishika mbele ya kifua ikiwatazama wanaokuja. Taa za hazadi washa, ila kama altaneta, inayochaji betri, ndiyo iliyokufa zitafifia betri ikiisha.

Abiria washuke upande usiopita magari, wakae mbali na lami, wakisogea kidogo kule magari yanakotokea. Wengi hujikusanya mbele ya gari, na huko ndiko litakakosukumwa likigongwa. Usiku, anayesimama nyuma anaziba taa kwa mwili wake. Buti nayo ifungwe: magari mengi yana taa kwenye mlango wake, ukiuinua zinamulika mbingu.

Pancha ikiwa upande wa magari yanayopita, usibadilishie tairi hapo. Jikokote hadi mahali tambarare nje ya njia, hata tairi likiraruka na rimu kupinda. Rimu hununuliwa. Legeza nati nusu mzunguko gurudumu likiwa bado chini; ukisubiri gari liwe juu ya jeki, nguvu ya spana ndiyo itakayoliangusha. Breki ya mkono kwenye magari mengi hushika magurudumu ya nyuma tu, hivyo ukiinua moja la nyuma limebaki moja linaloshikilia: weka jiwe au kigingi kwenye gurudumu la mbele la upande wa pili. Spea ilaze chini ya gari karibu na jeki, ili likiteleza liangukie tairi, lisiangukie mkono.

Wasio na pembetatu huweka matawi na mawe. Hayaakisi mwanga, mtu huyaona akiwa ameshayafikia. Mkiondoka, yaondoeni yote, maana usiku uleule yatamkuta wa pikipiki. Pembetatu iwe ya mwisho kuokotwa, injini ikiwa tayari inanguruma.

Fundi magari