Muandike mazuku, musiandike asfiksia

Bwana Mhariri,

Miaka mingi nasoma jurnali yenu nanyamaza tu, lakini ile habari yenu ya muchungaji wa mifugo aliyekufa kwenye shimo la mawe ya volkano kwenye njia ya Goma kwenda Sake imenishinda. Muliandika alikufa na asfiksia, hamukutaja mazuku, ile gesi ya kuua yenye kujaa mashimoni, kisha mukatufundisha ni neno la Kiingereza lenye kutoka Kigiriki, ati maana yake kukosa pumzi. Hapana! Kigiriki chake ni kukosa mapigo ya mushipa. Waingereza walipoanza kulitumia karne ya 18 lilikuwa la mutu mwenye mushipa umenyamaza, mambo ya pumzi yalikuja nyuma. Na hiyo si kitu kidogo, juu mutu anaweza kukosa pumzi na moyo bado unapiga dakika chache, na ni katika hizo dakika ndiyo anaokolewa.

Mutoto wa dada yangu hapa Mugunga alishuka asubuhi mapema kufuata mbuzi, mbuzi amelala, hana kidonda hana damu, mutoto kuinama tu ashike kamba naye akaanguka, kaka yake akataka kuruka ndani, muzee mumoja jirani akamukamata shati akamuambia ukiingia mutakuwa wawili, wakamuvuta na muti wenye ndoano, midomo imeshakuwa ya bluu, muzee akaweka vidole shingoni akasema bado inapiga, wakamupulizia hewa mudomoni mpaka akakohoa. Kesho yake batu wakaanza kutaja bibi mumoja mujane kwamba ni mulozi! Jurnali ingekuwa imeandika wazi kwamba mazuku ni gesi kaboniki (kaboni dioksidi), inatoka chini ya udongo, ni nzito kuliko hewa karibu mara 1.5, usiku upepo ukikosekana inajaa mashimoni bila harufu bila rangi, mukubwa anapita amesimama, mutoto na mbuzi wanazama, yule mama angelala salama.

Na tena mukachanganya na moshi wa makaa ya kupikia. Mbabula, yaani jiko la makaa, ndani ya nyumba yenye kufungwa inaua kwa gesi ingine kabisa. Na wale wenye kuuza parseli (viwanja) juu ya hayo mashimo, wanamwaga mawe wanasema kwisha, gesi inapita katikati ya mawe, hao hamuwaandiki hata siku moja.

Toleo lijalo muweke ukurasa wa kwanza, herufi kubwa: MAZUKU, musishuke, muvute kwa kamba, mupulizie. Kila shefu wa avenyu, mukubwa wa mutaa, apewe kopo la rangi nyekundu apake mawe ya pembeni ya kila shimo, na kamba ya mita 10 ikae mulangoni kwake, si kwa biro yenye kufunguliwa saa tatu, juu mazuku inaua mbele jua litoke.

Musomaji wenu, Mugunga, Goma